Tupeane uzoefu: siku mbio za farasi zilipokupandisha presha

Kofia ya Karatasi
Wakuu, leo ndiyo ile Jumanne ya kwanza ya Novemba, na hapa Melbourne, Australia, ni sikukuu kwa sababu farasi wanakimbia kugombea kombe la Melbourne Cup. Msicheke, ni sikukuu ya serikali kabisa, ofisi zimefungwa. Mimi nipo zamu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wazee hawana sikukuu. Asubuhi tumewatengenezea kofia za karatasi, harufu ya gundi ikanirudisha 2015. Bado inaniuma.

Mchezo wa kazini ni hivi: kila mtu anatoa dola 2, majina ya farasi 24 yanakunjwa yanatiwa kwenye kofia, unaingiza mkono unatoka na wako. Wasiojua chochote kuhusu farasi ndio wenye kelele kuliko wote. Mwaka ule nikatoa Prince of Penzance. Nikauliza huyu ni nani, nikaambiwa huyo ni mia kwa moja, msindikizaji tu. Pembeni yangu kuna bibi wa miaka tisini na ushee, kofia yake kaichomeka manyoya matatu ya bata aliyookota bustanini. Yeye kashika Fame Game, farasi wa Japani aliyepewa nafasi kuliko wote. Akachungulia kikaratasi changu akasema, "Huyo wako anapandwa na msichana. Tubadilishane."

Nilibadilisha kabla hajafunga mdomo. Nikajiona mjanja, zile dola 30 za mshindi nikaanza kuzipangia matumizi.

Saa tisa kamili alasiri jikoni kimya, hata mzee ambaye hakuongea tangu Jumapili kageuza kiti. Mbio zenyewe ni mita 3200, dakika tatu na kidogo. Mjapani wangu simwoni. Nikajipa moyo kwamba anavizia. Walipoingia kwenye mnyoosho wa mwisho ikachomoka jezi ya zambarau na kijani, Michelle Payne juu ya Prince of Penzance, mwanamke wa kwanza kulichukua kombe hilo tangu lianze 1861. Fame Game alikuja huko nyuma na wasindikizaji wenzake. Bibi hakushangilia. Alininyooshea kiganja tu.

Hela hakuitumia. Aliitia kwenye pochi, na kila asubuhi nikimpelekea chai ananifunulia. Haya, leteni zenu.

Mkeka Umechanika
Nimeisoma mara mbili. Pole mkuu. Mjanja huliwa na bibi.

Jumapili Ngong
Umenikumbusha mzee wangu. Sisi Nairobi tulikuwa tunapelekwa Ngong Racecourse Jumapili baada ya misa. Watoto hatukujali farasi, tulijali chipsi na ile nyasi ya kubingirika. Lakini zile sekunde wanapopita mbele ya uzio, ardhi inatetemeka hadi kwenye magoti na vibonge vya udongo vinarushwa, hiyo TV haikupi.

Siku moja baba aliweka shilingi 50 kwa farasi akatokea wa pili. Baba akachana tikiti vipande vipande, akarusha hewani kama harusi. Dakika kumi baadaye kipaza sauti: wa kwanza alimkinga mwenzake njia, kaondolewa, wa pili ndiye mshindi. Nilimwona baba yangu, mwanaume wa suti, mzee wa kanisa, kapiga magoti kwenye nyasi anaokota karatasi na sisi watoto wanne tumetawanywa kama kuku. Tulipata vipande vingi. Kile chenye namba hatukukipata.

Usichane tikiti mpaka watangaze matokeo rasmi. Hiyo nawapa bure.

Ndio Naanza
Jamani uzi umekuja wakati wake. Jumapili hii naenda Ngong mara ya kwanza, na mchumba. Nifanyeje, nibeti vipi, na miguuni nivae nini?

Mkeka Umechanika
Kabla ya mbio nenda pale wanapozungushwa. Anayetoka jasho kabla hajakimbia usimguse, kashamaliza nguvu.

Chuma Ulete
Uongo. Mimi niliyemuwekea alilowa kama katoka mtoni na akashinda. Wewe angalia anayejisaidia mwisho. Kapunguza mzigo.

Ustadhi wa Mtaa
Naona watu wazima wanasimulia kamari kwa raha zao.

Jumapili Ngong
Ustadhi, mbio za farasi si zinaruhusiwa?

Ustadhi wa Mtaa
Mbio zinaruhusiwa, na zawadi inaruhusiwa, hadithi imetaja ngamia, farasi na mishale. Anayekatazwa ni wewe uliyekaa pembeni na hamsini yako.

Kijana wa Deira
Ustadhi kasema kweli. Huku Dubai, uwanja wa Meydan, siku ya Kombe la Dunia la Dubai watu wanajaa, kina dada kofia kama sinia la pilau, na hakuna dirisha la kubeti hata moja. Unajaza fomu ya kubashiri bure, ukipatia kuna zawadi. Nilikosa bure na bado nililala na hasira.

Mtoto wa Langoni
Nyinyi na farasi wenu mnaowatazama kwa mbali. Mimi nilipanda. Punda, lakini nilipanda, Lamu, mbele ya kila mtu ninayemjua duniani.

Wasioijua: siku ya mashindano forodhani hapapitiki. Watu wamejaa ukutani, kwenye madirisha, kwenye mashua. Matandiko hakuna, unakaa nyuma kabisa karibu na mkia, na kamba moja mkononi. Punda wangu tulimwita Meli. Mwaka mzima alikuwa anabeba mchanga, mawe na saruji, kwa hiyo miguu alikuwa nayo. Mjomba wangu kautangazia mji mzima kwamba kombe ni letu, jirani keshachinja mbuzi.

Wallahi tulianza vizuri. Meli alikimbia siku ile kama kaambiwa kuna shayiri upande wa pili. Nasikia mtaa wetu wote wa Langoni unaita jina langu, mbele yangu hakuna mtu, naiona kamba ya kumalizia. Sasa kabla ya kamba kuna gati. Pale ndipo majahazi ya saruji yanaposhusha, na Meli pale huenda kila siku ya Mungu.

Akasimama.

Si kwamba alichoka. Alifika kazini. Mimi niliendelea peke yangu. Maji yalikuwa yametoka, nikashukia topeni hadi kiunoni, bora ningezama. Nilipoinua kichwa Meli kageuza ubavu anangoja kupakiwa. Na wale wawili waliokuwa wakitufuata, nao wabeba saruji, wamesimama nyuma yake. Wamepanga foleni.

Hadi leo nikipita Mkunguni wazee wananiuliza kama mzigo umefika.

Mkeka Umechanika
WAMEPANGA FOLENI 😂😂😂 nipo kwenye daladala watu wananiangalia.

Kofia ya Karatasi
Nimewasomea wazee kwa kuwatafsiria. Yule asiyeongea kacheka.

Chuma Ulete
Mleta mada kasema farasi. Punda wafungulieni uzi wao.

Mtoto wa Langoni
Farasi wako angekaa Lamu wiki moja asingeweza kugeuka kwenye kichochoro. Nyamaza.

Bin Mkomani
Mimi nilikuwepo. Haikuwa kweli kwamba mbele hakuna mtu. Ulikuwa wa tatu.

Mtoto wa Langoni
Wa pili.

Bin Mkomani
Umeshashuka moja. Tuendelee?

Daktari wa Mifugo
Mnacheka, ila 2014 hukohuko Melbourne, Admire Rakti, aliyetarajiwa kushinda, alimaliza wa mwisho na akafa bandani dakika chache baadaye. Mimi tangu siku ile siangalii.

Kofia ya Karatasi
Nakumbuka. Mwaka ule pale kwetu hakuna aliyegusa keki. Kuna mfanyakazi mwenzangu hadi leo hataki kuchota jina, anatoa dola 2 anaondoka zake.

Daktari wa Mifugo
Basi asitoe na hizo dola.

Jumapili Ngong
Ndio Naanza, fika mapema, kaa karibu na uzio, hela ya kubeti tenga mfuko wa peke yake na ikiisha imeisha. Mchumba achague farasi kwa rangi, wewe chagua kwa akili. Atakushinda, usibishane.

Chuma Ulete
Usiende na mchumba.

Mtoto wa Langoni
Nenda naye, ila msisimame karibu na gati.

Ndio Naanza
Mmejibu yote. Nimeuliza viatu.