Asilimia 10 ya serikali ya mtaa kwenye mauziano ya kiwanja: tunalipia nini hasa?

Kobe Mpole (mleta mada)

Wakuu, wiki iliyopita nimenunua kiwanja pembezoni mwa Dar, ishirini kwa ishirini na tano, hakijapimwa, milioni nane. Mtaa siutaji. Bei tulielewana na muuzaji chini ya mwembe, nusu saa haikuisha. Kilichochukua siku tatu ni muhuri.

Mwenyekiti na mtendaji wamekaa meza moja. Mkataba ni karatasi iliyochapwa zamani, majina tunajaza kwa kalamu, picha za pasipoti tunabandika kwa gundi, mashahidi wawili kila upande, majirani wa mipaka nao wakasaini. Ilipofika zamu ya muhuri mwenyekiti akafunga droo. "Bado ya ofisi. Asilimia kumi." Laki nane! Nikaulizia risiti. Akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama dirishani. Tukavutana hadi laki tatu na nusu, ndipo droo ikafunguka na kidau cha wino kikatoka. Risiti sijaiona mpaka leo.

Sasa, ada inayoshuka kutoka laki nane hadi laki tatu na nusu kwa kubembelezana, hiyo ni ada au bei ya nyanya? Mwenye kifungu cha sheria akiweke hapa, nami nitarudi kumwomba mwenyekiti radhi. Msimamo wangu: asilimia 10 ifutwe, na mikataba yote iende kwa mawakili. Serikali ya mtaa ikae pembeni.

Mama Minyaa

Kwenye pesa niko na wewe. Kwenye mawakili umepotea njia, mwanangu.

Wakili aliyeko mjini anakijua kiwanja chako? Anaangalia vitambulisho, anashuhudia sahihi, anagonga muhuri wake, basi. Muuzaji akimwambia mpaka unaishia kwenye minazi wakati unaishia kwenye minyaa, wakili ataandika minazi.

Mtaani kwetu alikuja baba mmoja kuuza nyumba, kaongozana na mwanamke aliyejitanda ushungi vizuri, kitambulisho mkononi, "mke wangu huyu ameridhia." Tayari walikuwa na mkataba wa wakili. Mwenyekiti wetu, mzee wa miaka sabini, akauliza taratibu: "Shemeji mgeni karibu. Na mama wa watoto je, tumsubiri?" Mama wa watoto alikuwa Tanga kwenye msiba wa mamake. Biashara ikafia pale pale barazani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza, lakini siku ile sheria isingefanya lolote kama asingekuwepo mtu anayemjua mke mwenyewe.

Dalali Mstaafu

Mama, huyo mzee wako ni mmoja kwa kumi. Mimi nimeuza viwanja miaka kumi na minne. Nimeshika kwa mikono yangu mikataba miwili ya kiwanja kimoja, wanunuzi tofauti, muhuri ule ule, mwenyekiti yule yule. Alikula asilimia yake mara mbili, akasema alisahau.

Na mkitaka kujua desturi hii ilivyoota mizizi kwetu kule, wenyeviti walituona sisi madalali tunachukua kumi yetu, wakajiuliza wao wana kasoro gani.

Karani wa Zamani

Nimewahi kufanya kazi ofisi ya wakili, kwa hiyo nitaongea kidogo zaidi ya wenzangu, mnivumilie.

Kwanza tusichanganye mtaa na kijiji. Ukinunua shamba kijijini, Mkuranga au Kisarawe kwa mfano, unaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kule baraka za halmashauri ya kijiji si hiari. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mauziano ambayo hayakupitia hapo. Na halmashauri ya kijiji ni kikao chenye muhtasari. Mwenyekiti peke yake na muhuri wake mfukoni si halmashauri. Kobe, ushauri wako wa "serikali ya mtaa ikae pembeni" akiubeba mtu wa Mkuranga kwenda nao kijijini, shamba atalikosa na hela itakuwa imekwenda.

Mjini ni habari nyingine. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Muhuri wa mtaa haukutajwa kama sharti la mkataba kuwa halali. Mwenyekiti pale ni shahidi: anasema namfahamu huyu, nafahamu eneo ni lake, majirani hawa hapa. Ushahidi wa namna hiyo una uzito mkubwa mkifika baraza la ardhi, nakubaliana na Mama Minyaa kabisa. Lakini shahidi halipwi kwa asilimia! Balozi wa nyumba kumi ndiyo kabisa, yule ni kiongozi wa chama, si wa serikali, na bado kuna watu wanampelekea bahasha.

Asilimia 10 ninayoijua mimi kwenye sheria ni kodi ya ongezeko la mtaji, ya mkazi wa nchini. Anayedaiwa ni muuzaji, inakwenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na kwa kawaida inapigwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Kobe umelipa wewe mnunuzi, kwenye bei yote, kwa mtu asiye TRA. Makosa matatu kwa mkupuo.

Halafu kuna jambo ambalo hujaligusa, na ndilo linalonikereketa. Ushuru wa stempu umelipa? Ni asilimia 1 ya bei, kwako shilingi elfu themanini, na unatakiwa ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usiolipiwa ushuru huo mahakama haiupokei kama kielelezo mpaka ulipwe pamoja na adhabu yake. Nimeona mzee wa watu anasimama mbele ya hakimu na karatasi yenye mihuri mitatu ya mtaa, picha zimebandikwa, dole gumba la kila jirani, wakili wa upande wa pili anainuka na swali moja tu: stempu iko wapi? Yule mzee alidhani zile laki alizotoa ofisini ndizo zenyewe.

Dalali Mstaafu

Hapo nakiri. Miaka kumi na minne sijawahi kumpeleka mteja hata mmoja TRA. Wenyewe hawataki, wanasema tukishaonekana tutafuatwa.

Mama Minyaa

Wanaogopa elfu themanini, wanatoa laki tatu na nusu. Haya.

Lakini tusiwaonee wenyeviti wote. Posho ya mwenyekiti wa mtaa mnaijua? Watu wanamgongea mlango usiku, ugomvi wa ndoa yeye, mwizi kakamatwa yeye, msiba yeye. Wekeni ada inayojulikana, mfano elfu thelathini, iwe na namba ya malipo ya serikali, sehemu ibaki mtaani, na kila mauziano yaandikwe kwenye daftari. Mkifuta kavukavu ataila kwa mlango wa nyuma.

Kobe Mpole (mleta mada)

Karani, siku ya tisa leo tangu nisaini. Kesho asubuhi naamkia TRA.

Mama, ya mawakili peke yao naiondoa, umenipata hapo kwa shemeji mgeni. Ada inayojulikana yenye risiti nitailipa hata leo, ya asilimia sitaki kuisikia. Kifungu nilichoomba naona bado hakijaletwa.

Ila hilo la daftari limenikumbusha kitu. Nilikaa ile ofisi siku tatu, nimeona meza, viti viwili, kalenda ya mwaka juzi na ile droo. Daftari sikuliona. Kwa hiyo mtu akienda kesho kuuliza kile kiwanja ni cha nani, ataangaliziwa wapi?

Dalali Mstaafu

Kichwani mwa mwenyekiti. Na uchaguzi ukimtoa, anaondoka nacho.