Mbwa wa familia ya mwanajeshi kwenda Uingereza: karantini, boding Karen ama abaki Kiserian?

MamaBosco
Hamjambo. Bwanangu yuko jeshi la Uingereza, mimi na watoto tunamfuata, tiketi ni 6 Agosti. Shida ni Bosco, mbwa wetu. Nimeona njia tatu: twende naye akae karantini huko, abaki boding (pale unalipa mbwa atunzwe) huko Karen, Nairobi, mpaka karatasi zikamilike, ama nimwachie mamangu Kiserian. Kitinda mimba wangu ameshasema bila Bosco hapandi ndege. Saa hii ndio Aprili inaanza, nisaidieni.

Karanja_K
Karantini achana nayo dada. Kenya haiko kwa orodha ya nchi ambazo Uingereza inaziamini mambo ya kichaa cha mbwa, so akitua bila vipimo anaweza kufungiwa hadi miezi 4 na gharama yote ni yako. Hiyo ni pesa ya karo.

Daktari_Kikuyu
Niko kliniki ya wanyama, hii kitu naiona kila mwezi. Chipi kwanza (kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, siku moja ni sawa lakini chipi itangulie. Ngoja siku 30 ndio atolewe damu, ipimwe maabara iliyokubaliwa, kinga kwa damu ifike 0.5 IU/ml (hicho ni kipimo cha maabara). Halafu miezi 3, na inahesabiwa kutoka siku damu ilitolewa, SI siku majibu yalirudi, hapo ndio watu wengi huteleza. Dawa ya minyoo tegu apewe na daktari na iandikwe kwa cheti, kati ya saa 24 na 120 kabla afike. Hiyo miezi yote anaweza kuimalizia nyumbani kwako.

Njeri_Hawaii
Mama Bosco, skiza hiyo ya chipi tafadhali. Bwanangu ni wa jeshi la Marekani, tuko Hawaii, na huku karantini ni siku 120 ila ukitimiza masharti unamchukua uwanjani siku hiyo hiyo. Sasa sisi kliniki moja huko Nairobi ilimchanja wetu, chipi ikawekwa wiki mbili baadaye, chanjo ikakataliwa tukaanza upya. Sisi tukatangulia, yeye akabaki boding zaidi ya mwezi. Walimtunza vizuri, siwalaumu, lakini alikuwa anakataa chakula mpaka dadangu akampelekea leso yangu ya jikoni akaanza kuilalia. Ukiweza, usimwache. Pia uliza jeshi la bwanako kama linasaidia gharama, la Marekani tangu 2024 hurudisha hadi dola 2,000 kwa mbwa ama paka mmoja mkihamishwa ng'ambo.

Karanja_K
Kiserian ni bure lakini kuna kitu: wewe na mbwa mkipishana zaidi ya siku 5 kuingia Uingereza anahesabiwa kama mzigo wa biashara, karatasi zinabadilika. Na kwa ndege ataingia kama kargo, hakuna kukaa na nyinyi juu.

Daktari_Kikuyu
Hesabu ni rahisi mama. Chipi na chanjo 11 Aprili, damu 12 Mei, miezi 3 inaisha 12 Agosti. Sogeza tiketi wiki moja tu. Na nunua sanduku la safari sasa, alizoee.

MamaBosco
Asanteni sana, nimesoma hii nikalia kidogo. Nimepiga simu, tiketi zimesogea hadi 14 Agosti, shule za huko zinafungua Septemba so watoto hawapotezi kitu. Chipi ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Sanduku liko sebuleni mlango wazi, nimeweka omena ndani, ameingiza kichwa na miguu ya mbele, nyuma bado iko nje.