Majirani wa Bombo: Namugongo tarehe 1

*Mama Patrick, 6:12 asubuhi*
Amkeni! Sala ya kumwombea Mwalimu Nyerere pale Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, ni tarehe 1 Juni. Taksi viti 14, kila mtu 15,000. Waliolipa mpaka sasa: mimi.

*Mama Patrick, 7:40*
Watu 31 wamesoma. Vidole vimevunjika?

*Fundi*
Mimi nimesoma kwa jicho moja.

*Dada wa Saluni*
Mama Maria, mjane wa Mwalimu, atakuja?

*Mama Patrick*
Sijaahidi. Amezaliwa 1930, hesabu mwenyewe. Lakini miaka yake ya nguvu alikuja Namugongo mara nyingi, na rozari mkononi.

*Fundi*
Mwalimu tayari anaitwa Mtumishi wa Mungu. Akitangazwa mtakatifu, mama atakuwa nani? Mke wa mtakatifu? Ugomvi wa chumvi kwenye mboga utapelekwa wapi?

*Dada wa Saluni*
😂😂 Lakini kweli, kila siku "mke wa". Yeye mwenyewe alifanya nini?

*Mama Patrick*
Alikuwa mwalimu, alisomea Sumve. 1955 mzee akaacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya TANU, mshahara ukakatika. Nyumba ililishwa na nani? Mama alifungua duka Dar, akawa anauza mafuta ya taa. Mbele ya safari watoto wakafika 8. Nchi nzima inakumbuka hotuba, chupa ya mafuta nani anaikumbuka?

*Fundi*
Alikuwa anakopesha?

*Mama Patrick*
Si watu kama wewe. Lipa!

*Hajati, 1:05 mchana*
Mama Maria simjui kwa ubaya. Ila hiyo sala ya mumewe msiniwekee mimi kwenye simu. 1979 jeshi lake lilipoingia kumng'oa Amin, sisi tulikimbilia Sudani na masufuria kichwani. Tukarudi, nyumba ya baba ina watu na pazia zao.

*Mama Patrick*
Hajati jamani, hiyo ya zamani. Tunaongea taksi.

*Hajati*
Zamani yako. Na hela yangu ya unga wa mandazi ya mwaka jana, hiyo nayo ni zamani?

*Fundi*
Mandazi yale yalikuwa na iliki, wallahi 😋

*Mama Patrick*
Fundi nyamaza.

*Afande Mzee, 3:30*
Hajati asiambiwe ni ya zamani. Siku wanaingia nyumba ya babake nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na sare na bunduki. Niliona. Nilinyamaza. Mama Maria hakuendesha kifaru, lakini Hajati ana haki yake. Mimi nilikuwa nataka kwenda Namugongo kwa sababu hiyo.

*Dada wa Saluni, 3:58*
…

*Hajati, 5:47 jioni*
Nimekusikia Afande.

*Hajati*
Siendi. Mandazi nitakaanga. Unga ulipwe kwanza, wa mwaka jana pia.

*Mama Patrick*
Asante Hajati. Unga nitaulipa mimi leo. Sasa twende kwenye hesabu: mimi, Afande, Saluni?

*Dada wa Saluni*
Niko na bibi harusi siku hiyo. Labda mchana.

*Mama Patrick*
Taksi inaondoka saa kumi na moja alfajiri, labda mchana ni wapi?

*Baba Zainabu, 9:20 usiku*
Nimefungua simu sasa hivi. Tunaenda wapi?

*Fundi*
Mandazi yatagawiwa hata kwa ambaye hajalipa?