Tupeane uzoefu: programu ya zamani iliyogoma kwenye kompyuta mpya, ulifanyaje?

Wa Nasser Road, Kampala
Wadau habari zenu. Wiki hii nimeteseka mpaka nikasahau kula, ndo maana nafungua uzi huu. Nina mashine ya kukata stika, zile za kubandika kwenye teksi na boda, na programu yake ni ya enzi za Windows XP, CD yenyewe imekwaruzika kama kisahani cha mtoto. Kompyuta niliyopiga nayo kazi miaka yote ikafa. Nikanunua laptop yusdi ya Windows 11, nikaweka programu ikaingia vizuri tu, nikafurahi, kumbe ni draiva ya mashine, yaani kiprogramu kinachoiunganisha Windows na mashine, ndo imegoma. Nikajaribu kile kitu cha compatibility weeee mpaka vidole vikauma. Kile kinaidanganya programu tu ijione iko kwenye Windows ya zamani, draiva hakiigusi. Draiva inaingia mpaka kwenye moyo wa Windows, ya biti 32 (muundo wa zamani) kwenye Windows ya biti 64 (muundo wa sasa) haipiti hata uilipe.

Nikaishia kuweka VirtualBox, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, humo nikapandisha XP. Mwanzo ilikataa kuwaka, kumbe virtualization, ile ruhusa ya prosesa kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, zile setingi za kabla Windows haijawaka. Nikaiwasha. Halafu USB ya mashine unaiambia VirtualBox iipeleke kwa XP isibaki kwa Windows 11, hapo ndo nilipotea siku nzima. Kichwa cha mashine kiliposogea, banange, nilipiga kelele jirani akaja mbio akidhani kuna mwizi. Intaneti humo ndani nimeikata kabisa, XP haipati viraka vya kawaida vya usalama tangu Aprili 2014. Nyie mlitokaje?

Mwalimu, Busia
Yangu ni ya shule. Programu ya maksi ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, aliyeiandika ni mwalimu mwenzetu, marehemu sasa, na hedimasta hataki kusikia nyingine kwa sababu wazazi wameizoea ripoti ile. Programu za biti 16, za zamani zaidi, Windows ya biti 64 haizifungui, basi. Windows 10 ya biti 32 bado ilikuwa inaweza lakini Windows 11 haina toleo la biti 32. Nikaweka DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, ikafunguka hapo hapo, watoto wote na majina yao. Nikatamba stafurumu.

Shida kuprinti! DOSBox ya kawaida waliitengeneza kwa ajili ya magemu, printa haiijui, na mimi hilo nililigundua saa nne usiku na asubuhi wazazi wanakuja kuchukua ripoti. Nikaandika kwa mkono, watoto 84, taa yenyewe ya simu. Muhula uliofuata nikahamia DOSBox-X, hiyo inaprinti.

Wa Mbale
Mwalimu pole sana, 84 si mchezo. Mi nilipoambiwa "weka Wine" nilidhani jamaa ananishauri ninywe nisahau shida, nikamjibu hapa kwetu tuna waragi. Kalaptop kangu RAM giga 2, Windows ilikuwa inajikokota nikahamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, lakini programu ya stoku ya duka ni ya Windows. Wine siyo kompyuta ndani ya kompyuta kama ya ndugu wa Nasser, yenyewe inapokea yale programu inayoiomba Windows inayajibu kwa njia ya Linux, ndo maana nyepesi. Walianza kuiandika 1993 toleo la 1.0 likatoka 2008, na mimi nilitaka kukata tamaa baada ya nusu saa.

Kosa langu nilirundika programu mbili sehemu moja, nikaweka faili la DLL, yaani kipande ambacho programu inakiazima ili ifanye kazi, kwa ajili ya ile ya pili, ya kwanza ikafa. Kila programu ipe folda yake ya Wine, kama wake wenza, kila mtu na nyumba yake.

Mama wa duka la dawa, Arua
Mi sijafanikiwa, nisiwadanganye. Mdogo wangu alinitumia Mac ya M1, yenye chipu ya Apple wenyewe, nzuri kweli. Kijana wa hapa akasema tutaweka Windows kwa Boot Camp, kumbe za M1 hazina Boot Camp. Programu yangu ina toleo la Mac la zamani, biti 32, na hizo Apple walizifungia mlango tangu macOS Catalina, mfumo wao wa 2019. Rosetta 2, kitafsiri cha Apple, nayo inatafsiri programu za Mac za chipu za Intel za biti 64 tu. Kwa UTM, kitu kama VirtualBox, XP iliwaka ndiyo, lakini mteja anaumwa kichwa anasubiri Panadol na dirisha la programu halijafunguka. Nimerudi kwenye daftari.

Fundi, Wandegeya
Mnajisumbua. Kompyuta nzee iwekwe pembeni, ifanye kazi hiyo moja, isiguse intaneti.

Wa Nasser Road, Kampala
Mzee, hiyo nzee ndo iliyokufa.

Fundi, Wandegeya
Ilikufa nini, diski au bodi? Kama ni bodi, diski nzima unaikopi kuwa faili moja unaiwasha kwenye VirtualBox, programu na setingi zako zote zinakuja, na CD huihitaji tena. Itakupa skrini ya bluu, 0x0000007B, usiogope, XP haijui kontrola ya SATA, njia mpya ya kuunganisha diski, badilisha iwe IDE, ile ya zamani. Itadai activation upya pia, yaani kuthibitisha kwamba Windows yako ni halali.

Wa Nasser Road, Kampala
Bodi! Na diski iko kwenye droo, nilitaka kumpa mtoto achezee sumaku zake.

Fundi, Wandegeya
Ilete kesho. Usiichomeke popote.

Wa Mbale
Dada wa Arua, hiyo Mac unauza?

Mama wa duka la dawa, Arua
Ssebo taja bei kwanza.