Wale jamaa wa API ya barua pepe wameniambia anwani yangu HAIONEKANI KUWEPO

Wakuu, leo sina salamu. Nina hasira na wale jamaa wa kutuma barua pepe kwa wingi. Mnawajua, nisiwatangaze bure.

Nimeamka, chai haijapoa, nafungua kikasha nakuta jibu lao: "Tumepitia ombi lako. Anwani ya mtumaji uliyoweka haionekani kuwepo :)"

Haionekani kuwepo! Na kitabasamu juu! Wakati huo mimi niko NDANI ya hiyo anwani nasoma hilo jibu. Kiti nilichokalia kipo. Mama ntilie wa mlangoni yupo, ananidai, na hajawahi hata siku moja kusema hapaoni kwangu.

Kwa ambao hawajawahi kuteswa: ukitaka kutuma matangazo kupitia API, yaani programu yako iongee moja kwa moja na mashine yao, kwanza unasajili utambulisho wa mtumaji. Unapeleka ombi lenye jina, barua pepe inayotuma, barua pepe ya kujibiwa, halafu mtaa, mji, mkoa, msimbo wa posta na nchi. Anwani hiyo inakaa chini ya kila tangazo, maana sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 inamtaka mtangazaji aonyeshe anwani halali ya posta. Haya, sheria yao, mashine yao. Mimi nafanyia kazi kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ofisi iko Moshi kwenye nyumba ya bosi na nimepanga chumba cha uani hapo hapo. Wateja wetu wako Ujerumani na Marekani, siwezi kuwatumia SMS wakanielewa.

Nikaanza na S.L.P. Mashine ikatapika kosa la 400, yaani ombi limekosewa, inataka mtaa. Nikaweka mtaa na namba ya nyumba, ile ile ya kibao tulichobandikiwa 2022 kwenye Anwani za Makazi. Msimbo wa posta tarakimu tano, nao nikaweka. Ikakubali, ikatuma kiungo cha kuthibitisha kwa bosi. Bosi yuko kambi ya Shira na wageni, kiungo kinakufa baada ya saa 48. Kikafa. Nikaomba kingine, bosi akashuka, akabofya, nikapiga kigelegele mwanaume mzima. Ndipo asubuhi hii binadamu mwenye mshahara akakaa, akaangalia, akaandika: haionekani kuwepo. Tabasamu.

Karani wa sensa aliiona. Msoma mita ya maji anaiona kila mwezi hata mvua inyeshe ya mawe. Wao na setelaiti zao zote, hawaioni.

Ningeambiwa tu "imekataliwa" ningelala. Kile kitabasamu ndicho kimenimaliza.

Fundi_Seva: Mkuu punguza jazba. Mambo ya barua pepe moja moja achana nayo, thibitisha domeni nzima, lile jina la baada ya @. DKIM, ile sahihi ya kidijitali ya barua, ikishasoma, jina lolote la kwenye domeni hiyo linapita bila mtu kubofya kiungo. Halafu kagua CNAME zako, zile rekodi za kuelekeza jina kwenda jina lingine kwenye DNS, orodha ya majina ya mtandao. Nina wasiwasi uliandika jina zima na paneli ikakuongezea domeni mwishoni, ikawa kampuni.co.tz.kampuni.co.tz. Hapo utasubiri mpaka theluji ya Kibo iishe.

Mleta mada: Domeni nayo imeshathibitishwa. DKIM inasoma, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kututumia barua) inasoma, DMARC (maagizo ya kufanya nini barua ikifeli ukaguzi) ipo. Tatizo langu si DNS mkuu. Tatizo langu ni kwamba SIPO.

Mtoto_wa_Pasua: Kwa hiyo huu uzi kaufungua nani? Mods, kuna mzimu humu na unatumia API.

Bi_Shangazi: 😂😂 Mwanangu wasalimie huko uliko. Muulize babu yangu ile hati ya shamba aliificha wapi.

Fundi_Seva: Umesema SPF inasoma. Ni rekodi moja au mbili? Watu wengi humu wana moja ya seva ya ofisi na nyingine ya huyo mtoa huduma, wanadhani wamejipanga. Domeni moja ni rekodi moja ya SPF, ukiweka mbili ukaguzi unashindwa. Unaziunganisha kwenye mstari mmoja, na ndani yake usizidishe utafutaji 10 wa DNS.

Mleta mada: Nimesema KITABASAMU, wewe unaniletea SPF.

Kijana_Mnoko: Mleta mada unalalamika nini? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo walishabana. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM, DMARC na kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Someni jamani.

Mleta mada: Barua 5,000 nizitoe wapi? Mimi natangaza punguzo la njia ya Machame kwa wazee wa Kijerumani ambao wengine magoti yameshagoma. Na hakuna sheria hapo inayosema nyumba yetu haipo.

Otis_wa_Nairobi: Bro afadhali wewe una kibao. Mimi anwani yangu ni "mkabala na petroli, geti jeusi, uliza Baba Brayo". Hebu niambie hiyo naiandika wapi kwenye JSON, ule muundo wa kujazia ombi la API.

Mtoto_wa_Pasua: Baba Brayo weka kwenye msimbo wa posta.

Muuza_Madera: Nyie angalau mmejibiwa. Mimi nimehangaika na jina la mtumaji wa SMS. Mwisho herufi 11. Duka nimeliita jina la marehemu bibi yangu, refu, la heshima. Wakalikata katikati. Sasa hivi wateja wanapokea ofa kutoka kwa nusu ya bibi.

Bi_Shangazi: Nusu ya juu au ya chini?

Muuza_Madera: Shangazi usinichokoze, familia haijui bado.

Kijana_Mnoko: Herufi 11 ndio kikomo cha jina la mtumaji, si kosa la mtu. Ungeuliza kabla.

Muuza_Madera: Ningemuuliza nani? Wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" mbona hawajawahi kukwama? Hawana kibao, hawana DKIM, na ujumbe wao unafika saa kumi alfajiri, safi.

Otis_wa_Nairobi: Huku kwetu wanakupigia kabisa. Wanasema wako customer care, na nyuma unasikia jogoo.

Mtoto_wa_Pasua: Mimi nilimjibu mmoja, nikamwambia hela ninayo ila nimeishiwa ya kutolea, anitumie elfu mbili. Akatuma kweli! Mpaka leo tunasalimiana.

Bi_Shangazi: 😂 Mimi nilitumiwa "mwenye nyumba nimebadili namba, kodi tuma huku". Mwenye nyumba ni mimi!

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Nimewajibu wale jamaa, nimewatumia picha ya mlango, kibao kinaonekana na namba inasomeka. Wanasema itachukua siku za kazi kadhaa. Na wameweka kitabasamu tena!!

Bi_Shangazi: Sawa mwanangu. Muuza_Madera, hiyo ofa ya nusu ya bibi bado ipo?

Muuza_Madera: Ipo shangazi. Mawili kwa bei ya moja, saizi zote, njoo PM. Uliko nitapaona tu.