Boti ya dagaa Kibirizi: fishifainda, simu peke yake, au nianze na betri?

Mwalo_Kibirizi

Wakuu, habari za jioni. Nina boti ya mbao ya mita 8, injini ya nguvu farasi 15, tunatokea Kibirizi, Kigoma, kuvua dagaa na migebuka Ziwa Tanganyika. Karabai tuliziacha. Sasa nina taa nne za LED, kila moja wati 30, betri moja ya maji N100 (volti 12, ampea-saa 100), na paneli ya sola ya wati 100 iko juu ya bati nyumbani.

Tangu ziwa lilipofungwa kwa uvuvi 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, nimekuwa naweka akiba kidogo kidogo ili nikiongeza kitu kwenye boti kiwe cha maana. Ninawaza njia tatu:

1. Fishifainda (kile kifaa cha kuonyesha samaki na kina cha maji kwa mwangwi wa sauti) ndogo yenye GPS ya kuweka alama tu, haina ramani.
2. Ile kubwa yenye ramani na nguvu ya kusoma kina kirefu.
3. Simu kwa ajili ya GPS, hela inayobaki niongezee umeme.

Wiki iliyopita niliazima fishifainda ya rafiki nikaijaribu usiku tatu. Nikiwasha taa kioo kinajaa vidoadoa kama mvua. Ikifika kama saa nane usiku inazima, inawaka, inazima. Halafu kina kinaruka: mara mita 14, mara 600, mara kinapepesa bila namba. Umeme niliuchukua kwenye waya wa taa kule mbele, kwa sababu ndiko ninakokaa. Kichwa chake cha majini, kile kinachotuma na kupokea sauti, nilikibandika ndani ya boti sakafuni kwa silikoni, nikaogopa kutoboa mbao. Je, kifaa ni kibovu au mimi ndiye nimekosea kufunga? Sitaki kununua kitu kikanifanyia hivi hivi.

FundiTaa_Ujiji

Mkuu, kifaa ni kizima. Usinunue chochote kwanza, tupige hesabu pamoja.

Taa nne za wati 30 ni wati 120. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 10. Mkiwasha saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi, yaani wati-saa 1,200. Betri ya N100 ikiwa mpya na imejaa kabisa ina wati-saa 1,200 hizo hizo, na betri ya maji haitakiwi kushuka chini ya nusu, ukizoea kuishusha inakufa mapema. Sasa geukia paneli: wati 100 kwa saa tano za jua kali ni wati-saa 500, na hapo sijatoa kinachopotea njiani. Kwa hiyo kila jioni unaondoka na betri ambayo haijajaa. Chukua mita uipime ikiwa imetulia angalau saa mbili bila mzigo wala chaji: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Naamini utakuta 12.2 au chini yake wakati unashuka mwaloni.

Halafu waya. Umetumia ngapi? Wengi tunafunga ule wa milimita za mraba 1.5 wa nyumba. Toka betri nyuma hadi mbele tuseme mita 6. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12 za shaba. Kwa ampea 10 unapoteza karibu volti moja na nusu njiani. Saa nane usiku betri inasoma 11.9, kule mbele fishifainda inapata 10.4. Vifaa vingi vya aina hiyo vinataka kuanzia volti 10, na betri inazidi kushuka. Ndiyo maana inazima na kuwaka. Weka waya wa 4: upotevu unashuka hadi kama nusu volti. Na usiitoe fishifainda kwenye waya wa taa. Ipe waya wake kutoka kwenye betri.

Vidoadoa: ndani ya taa za LED kuna saketi ya kurekebisha umeme, na zile za bei rahisi zinatoa kelele ya umeme inayoingia kwenye fishifainda. Fanya jaribio hili usiku mkiwa mmetulia: zima taa moja moja huku unaangalia kioo. Ukikuta taa ambayo ikizimwa vidoadoa vinapungua, umempata mchawi. Pitisha waya wa kichwa ubavu mwingine wa boti, mbali na waya za taa. Unaobaki usiukate kamwe, uzungushe vizuri uufunge. Na waya za taa, chanya na hasi, zisokote pamoja kama kamba.

Fyuzi sijaona umeitaja. Iweke karibu na betri, isizidi urefu wa shubiri moja, ya ampea 15 kwa taa. Ya fishifainda fuata kitabu chake, mara nyingi ni 3. Mwaka juzi nililetewa boti ambayo waya ulisuguliwa na ubao hadi ukabaki uchi, ukagusana na mwenzake chini ya dumu la petroli. Plastiki ya waya iliyeyuka mita nzima. Waliokoka kwa sababu mmoja wao alisikia harufu akaukata waya kwa panga. Hakukuwa na fyuzi hata moja.

Nahodha_Kalya

Fundi kamaliza upande wa umeme, mimi niseme upande wa maji.

Kichwa ulichokibandika ndani hakitasoma kitu cha kuaminika. Sauti inapita kwenye faiba nzima isiyo na hewa ndani yake, lakini haipiti vizuri kwenye mbao. Zile mita 14 ulizoziona sidhani kama ni kina cha ziwa. Wala usitoboe boti. Tafuta mti mnyoofu au bomba, funga kichwa mwisho wake, lisimamishe ubavuni kwa kamba mbili, kichwa kizame kama shubiri moja na nusu chini ya maji na kitazame chini sawasawa. Ukisafiri unalinyanyua, ukitulia na taa unalishusha. Mimi yangu iko hivyo msimu wa tatu. Kuifunga nyuma karibu na propela kunafaa kama utasoma unapotembea, lakini mapovu yanasumbua sana.

Kuruka hadi 600 na kupepesa si ubovu. Ziwa letu lina kina hadi mita 1,470, na huku kwetu ukitoka pwani kidogo tu chini kunaporomoka. Kifaa kidogo kinatafuta sakafu hakiipati, kinaanza kubahatisha. Ingia kwenye menyu, ondoa kina cha kujipangia chenyewe, weka mwenyewe 0 hadi 60, au 0 hadi 100. Hakikisha pia umechagua maji baridi, siyo ya chumvi.

Na hapa ndipo nakukataza ile ya pili. Watu wanauziwa mashine kubwa kwa maneno kwamba inasoma mita elfu. Inasoma nini huko? Tanganyika ina oksijeni juu tu, huku kaskazini kama mita 100, kusini inafika kama 200. Chini ya hapo samaki haishi. Dagaa usiku wanapanda kuifuata taa, na migebuka wanawafuata dagaa. Unachohitaji kukiona kiko kwenye mita 60 za juu, na fishifainda ndogo ya masafa ya sauti ya 200 kHz inafika hapo bila taabu.

Mama_Katonga

Wanangu, mimi si nahodha, nina boti mbili na nauza dagaa, kwa hiyo naongea kama mtu anayebaki ufukoni.

Usiidharau simu. GPS ya simu inafanya kazi hata pasipo mtandao, mradi umepakua ramani ukiwa nchi kavu. Vijana wangu wanaweka alama kila mahali wanapopata, na zaidi ya hapo wanajua mpaka wa Kongo uko wapi. Usiku kusi likiwasukuma wakiwa wamelala kwenye taa, wanaweza kujikuta upande wa pili bila kujua. Lakini simu ina adui wawili: mikono yenye maji na magamba, kioo hakisikii kidole, na chaji. Tuliifunga kwenye mfuko mgumu wa plastiki, ukaning'inizwa, na pawabenki iko kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na biskuti zao.

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja ni redio. Nina redio za mawasiliano za VHF mbili za mkononi, moja ziwani, moja kwangu. Mkiwa wote usawa wa maji zinasikizana kilomita chache tu, nikipanda kilimani nawapata mbali zaidi, maana ile redio inataka kuonana. Kibali cha TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kinahitajika, usiingie bila hicho. Usiku mmoja upepo ulipobadilika, simu zote hazikupatikana, na sauti ya kijana wangu mmoja ikisema "mama tumegeuza, tunarudi" niliisikia kwenye redio. Mimi kwa hela yako ningeanza na hiyo kabla ya kumwona samaki.

Sola_Mwanga

Shikamoo mama. Hilo la redio naliunga mkono kabisa.

Kwenye betri sasa. Kuna watu watakwambia litiamu ndiyo suluhisho la yote. Ni nzuri kweli: ya 100 unaweza kuitumia hadi 80 bila kuiua, na uzito wake ni kama nusu ya ya maji au chini, jambo ambalo mtu anayebeba betri kila siku toka nyumbani hadi mwaloni analijua mgongoni. Lakini kontrola yako (kidhibiti cha chaji ya sola) lazima iwe na mpangilio wa litiamu. Jambo la pili ni kubwa zaidi: betri ya maji inakuonya, taa zinafifia. Litiamu ina saketi ya kujilinda ndani, ikifika mwisho inakata yote kwa mara moja. Giza ghafla wavu ukiwa majini. Kama utaenda huko, weka kidude cha kuonyesha volti mbele yako.

Kwa bajeti ndogo fanya hivi: bakiza N100, punguza taa moja, ongeza paneli ya pili ya 100. Fishifainda ipe betri yake ndogo iliyofungwa, ya ampea-saa 12. Inakula kama nusu ampea, usiku mzima ni 5. Betri mbali, waya mbali, na kelele za taa nyingi zinabaki huko huko.

FundiTaa_Ujiji

Betri ya pembeni naikubali. Ila kupunguza taa moja peke yake hakutoshi, bado ni wati-saa 900 kwa usiku. Mkuu, jaribu kuwasha mbili hadi dagaa wakusanyike, kisha nyingine. Pima, usikisie.

Nahodha_Kalya

Nimesahau: kama boti za jirani nazo zina fishifainda za 200 kHz, utaona michirizi ya mshazari hata taa zote zikiwa zimezimwa. Hiyo si kosa lako. Sogea, au badilisha kwenda masafa mengine kama kifaa kina mawili.

Mwalo_Kibirizi

Wakuu na mama yangu wa Katonga, shikamoo na asanteni. Nimerudi na majibu.

Nilipima betri saa kumi na moja jioni kabla ya kushuka: 12.1. Nimeshindwa kuamini kwamba miezi yote hii naondoka nayo nusu. Waya ulikuwa 1.5 kama fundi alivyosema, na kwenye kiungio kimoja chini ya gundi nyeusi nilikuta shaba imegeuka kijani, ukiivuta inakatika kama uzi.

Nimeweka waya wa 4, fyuzi mbili, na nimeazima betri ndogo ya pikipiki kwa fishifainda. Kichwa nimekifunga kwenye mti. Jana usiku nilizima taa moja moja. Ya tatu, ile niliyoinunua peke yake sokoni, ndiyo yenye kelele. Nimeitoa. Kina nimeweka 0 hadi 60, na kama saa tano usiku nikaona wingu linapanda kutoka mita 40 kuja juu polepole, nene, hadi likasimama kwenye 15. Nikamwita mdogo wangu aangalie. Tukashusha wavu.

Nanunua ile ndogo ya GPS ya alama, na paneli ya pili. Redio mbili zinafuata mbalamwezi ikiingia, tukiwa tumepumzika kuvua. Mama, nitakutafuta kuhusu kibali.