Tupeane uzoefu: Nguo za miaka ya 1970 na muchomo siku ya Uhuru

Ndugu wanajamvi, tarehe 9 Oktoba, siku ya Uhuru wa Uganda, inakaribia. Wengi wetu siku hiyo hutazama gwaride kwenye televisheni, tukala, tukalala. Nyumbani kwetu Mukono tuna desturi nyingine kwa mwaka wa sita sasa: kila anayekuja kula muchomo, yaani nyama choma, sharti avae nguo ya kizamani ambayo wakubwa wa enzi zake waliikunjia uso. Nitaeleza desturi hii ilivyoanza, kisha nanyi mtueleze mlivaa nini, mlichoma nini, na wazee walisemaje.

Shangazi yangu alikuwa msichana wa miaka 19 mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilipopiga marufuku sketi fupi. Alikuwa nayo moja ya rangi ya chungwa, aliyoshonewa Kampala na fundi wa Kihindi ambaye, kabla ya mwaka huo kwisha, naye alifukuzwa nchini pamoja na maelfu ya Waasia wenzake. Aliificha ndani ya gunia la maharagwe akaipeleka kijijini, na huko ikakaa sandukuni mpaka wajukuu walipoifukua na kugombania kuijaribu. Shangazi aliwaambia kwa ukali kwamba hakuna atakayeivaa kabla yake. Alimpa fundi wa jirani kitambaa cha rangi hiyohiyo aipanue kiunoni, na siku ya Uhuru akatoka chumbani ameivaa juu ya suruali nyeusi, akasimama kando ya jiko akigeuza mbavu za mbuzi. Vijana walicheka na kupiga picha. Yeye hakucheka sana, kwa sababu anawakumbuka wasichana wenzake waliokamatwa barabarani kwa ajili ya pindo la nguo.

Kuhusu nyama sina mengi: chumvi peke yake, na subira mpaka mkaa ushikwe na majivu meupe. Hata hivyo hunifurahisha kwamba Mganda anayeapa hajui neno moja la Kiswahili huagiza muchomo kila mwisho wa juma.

Mchangiaji wa Jinja
Mimi nilivaa bugaluu, suruali ya miguu mipana chini, niliyoipata soko la Owino, baada ya kupekua marundo ya mivumba (mitumba) tangu asubuhi. Muuzaji aliapa kwamba ilishonwa mwaka 1974, ingawa lebo ya ndani ilionekana mpya kuliko simu yangu. Kosa langu lilikuwa kukubali kuwa mchomaji. Mvua ya Oktoba ilituvamia saa nane mchana, tukasukuma jiko chini ya mabati ya kibaraza, na katika purukushani hiyo pindo pana la mguu wa kulia likafagia makaa. Nilinusa kitu kinaungua, nikadhani ni kuku. Ushauri wangu ni kwamba mwenye bugaluu apewe kazi ya kukata kachumbari.

Mchangiaji wa Masaka
Baba yangu alikuwa askari, nami nilikulia kambini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila mtoto. Mwaka wangu wa kwanza kusherehekea Uhuru kwa wakwe, nilifika na koti la ngozi, miwani mikubwa myeusi na viatu vya raizoni vya soli nene, nikiwa nimenunua kuku wa vijiti na gonja (ndizi za kuchoma) pale Lukaya. Nilitarajia wazee wangechukizwa na viatu. Baba mkwe alivitazama akatabasamu, kwa kuwa naye aliwahi kuwa navyo. Nilipomsalimu kwa Kiswahili ndipo uso wake ulipobadilika, akaweka sahani chini na kunyamaza. Jioni alinieleza kwamba, kwa miaka mingi, Kiswahili kilikuwa kwake sauti ya mwenye bunduki anayebisha mlango usiku, na kwamba sikio lake bado hushtuka kabla akili haijamwambia kuwa huyu ni mkwe. Tulizungumza mpaka mkaa ukazimika. Siku hizi ananiruhusu kumkaribisha chakula kwa Kiswahili, naye hunijibu kwa Kiganda.

Mchangiaji wa Mbarara
Naongeza jambo moja fupi. Nilitaka kuvaa koti la zamani lenye mabaka ya kijeshi, lakini muuzaji mwenyewe wa mivumba alinionya kwamba sheria ya nchi yetu hairuhusu raia kuvaa nguo za jeshi. Nilivaa shati la maua, na sikujuta.

Mchangiaji wa Entebbe
Mama yangu anapinga mada nzima. Anasema uasi wake ulikuwa kuvaa gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, na kichwani nywele za afro, jambo lililowachukiza wazee wa kanisa kuliko sketi yoyote. Nimeona picha yake, na kwa kweli mabega ya gomesi yaliyochongoka na ile afro yanashindana kwenda juu. Sisi huchoma samaki aina ya ngege (perege) kwa limau, naye hukaa mbali na moshi.

Mwanzisha mada
Nimemsomea shangazi majibu yenu yote. Kwa habari ya Masaka alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniomba nirudie kusoma. Ndugu wa Jinja, anasema usiitupe bugaluu yako. Kile kitambaa cha rangi ya chungwa kilibaki kipande, nacho kinatosha kabisa kuziba tundu la moto.